Apu ya mafumbo ya maneno: vidokezo vina akili, ila mbona vinaishia njiani?

Nimekaa na hii apu mwezi mzima, nimeipa nyota nne na hiyo moja niliyoibana ntasema kwa nini. Kwanza sifa zake, maana aliyetunga vidokezo vya kule mwanzo anakijua Kiswahili jamani. Mi nilizoea yale mafumbo ukiulizwa "mnyama wa kufugwa" unajaza mbuzi, kondoo, chochote kinachoenea kwenye viboksi, basi. Hapa unaambiwa "Njia sawasawa (8)", hiyo namba ni idadi ya herufi za jibu, unahangaika na mtaa, na kichochoro, siku nzima, mpaka unashtuka kumbe ni BARABARA, maneno yote mawili ya kidokezo yanaleta jibu hilohilo. Au "Mwinda panya amejificha mpakani (4)", lisome hilo mpakani taratibu, paka yumo humohumo katikati. Hakuna neno la kujazia nafasi, kila moja lina kazi, na jibu ukilipata unajua umelipata.

Kilichonimaliza kabisa ni fumbo moja walilotumia herufi nne tu, A, I, L na M, wakazivuruga mara tano. "Mali ikivurugwa humwagwa barabarani (4)" ni LAMI, halafu ndani ya fumbo hilohilo kuna mila, kuna lima, kuna imla, na mali yenyewe. Kiswahili nimekiongea tangu utotoni na sikuwahi kuona kama hayo maneno matano ni ya tumbo moja! Nililala nikiyapanga kichwani.

Kwa anayeanza, maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu kwahiyo kiboksi cha mwisho una herufi tano tu za kuchagua, na wingi wetu unakaa mbele, kidokezo kikiongelea watu wengi jaribu WA au MA pale mwanzo kabla hujafikiria kingine. Mi hiyo peke yake imenifungulia mafumbo mengi.

Sasa ile nyota. Ukivuka fumbo la 60 mchezo wa maneno unakatika, zinabaki maana tupu, "chombo cha kunywea maji (5)", unajaza kikombe unakuta hakienei, unajaza glasi ni herufi tano inaenea, ila hujui kama ndo yenyewe, unabahatisha tu. Fumbo la kwanza la Arthur Wynne, aliyeanzisha mafumbo haya kwenye gazeti la New York World kule Marekani, 21 Desemba 1913, lilikuwa la kuuliza maana tu na yeye ndo alikuwa anaanzisha. Ila miaka ya 1920 mtunzi mafumbo aliyejiita Torquemada, wa gazeti la The Observer kule Uingereza, alishaonyesha fumbo zima linaweza kuwa mchezo wa maneno, na nyie mliotengeneza apu kwenye hayo 60 mmeonyesha Kiswahili kinaweza vizuri sana, sasa mbona mmerudi nyuma? Bora yawe 60 tu yaliyopikwa yakaiva.

Kitufe cha msaada nacho kinakupa herufi bila kukueleza kidokezo kimejengwaje, kwahiyo unamaliza fumbo hujajifunza kitu.

Na tafadhali hiyo ng' mkubaliane. Ng'ombe mmempa viboksi 7, kale kaalama kana kiboksi chake, halafu fumbo linalofuata ng'ambo ina 6. Nimepoteza jioni nzima hapo nikijua nimekosea mimi.