Mkeka wa mpira wa ng'ombe, nimeutumia miezi 7 haya ndo niliyoyaona

Sisi huku Machame ng'ombe anaishi bandani mwaka mzima, majani tunamletea, maji tunamletea, kwa hiyo ile sakafu ndo dunia yake yote. Ya kwangu ni zege. Mwaka jana ng'ombe wangu alianza kuvimba vifundo vya miguu ya nyuma, manyoya yakanyonyoka pakabaki pekundu, halafu akawa halali, hata ukiamka usiku unamkuta kasimama tu. Daktari wa mifugo alivyokuja wala hakuanza na sindano, akaniambia mama hebu piga magoti hapo anapolala. Nikapiga. Dakika haijaisha nimeshainuka, akasema sasa yeye anatakiwa alale hapo masaa 10 mpaka 12 kila siku na uzito wote ule. Iliniuma sana kiukweli.

Nikanunua mkeka mmoja duka la pembejeo mjini, bei yake ni kama maziwa ninayouza wiki 2. Siku 3 za kwanza aligoma, anaunusa anarudi nyuma, siku ya 4 asubuhi nikamkuta kajilaza anacheua taratibu macho yamelegea, nikasimama pale na ndoo yangu sikutaka hata kumwinua. Vidonda vilikauka kama baada ya wiki 5 na manyoya yakaota.

Kasoro zipo. Muuzaji aliniapia maziwa yatapanda yenyewe, mi naona alizidisha. Yamepanda toka lita 9 mpaka 11 lakini wiki ileile nilianza kumwekea maji muda wote badala ya mara 2 kwa siku, na maziwa karibu asilimia 87 ni maji, sa siwezi kuupa mkeka sifa yote. Halafu huu wa kwangu juu ni laini mno, ukilowa mkojo unateleza, kuna siku aliteleza wakati anainuka nikajua nyonga imeenda, kwa hiyo nyie tafuteni wenye vinundu au mistari. Na mkojo unapenya chini yake, usipouinua kila wiki ukausugua na kuuanika utakuta funza na harufu kali, na uchafu huo ndo njia ya ugonjwa wa kiwele, mi juu yake namwaga maranda makavu kila jioni.

Kingine ambacho hakuna aliyeniambia, ukishamkamua usimwache alale hapohapo maana tundu la chuchu linabaki wazi kama nusu saa hivi, mtupie majani kwanza ale amesimama. Zamani sikuliwaza hili kwa sababu alikua halali, sahivi ukitoa ndoo tu anataka kushuka.

Naupa 4 kwa 5, hiyo 1 nimeitoa kwa ajili ya kuteleza. Nikiuza ndizi mwezi ujao namnunulia na mtamba wake, ila wa vinundu.