TAHADHARI: Anayeuza BCD "za kike, saizi ndefu" mtandaoni ni tapeli, msimtumie hela

Wanawake wote mnaozamia, Nungwi, Matemwe, Pemba, Mafia, Dar, mpaka huko Diani na Watamu, someni hii na muwasambazie wenzenu. Kuna mtu anauza vifaa vya kuzamia mtandaoni, anajitangaza kuwa ana majaketi ya BCD, yale ya kujaza hewa yanayomsaidia mzamiaji kuelea na kumbebea mtungi wa hewa mgongoni, ya wanawake warefu na wenye vifua vikubwa. Ni tapeli. Amenila laki sita na nusu, na alichoniletea kingeweza kunitoa roho. Jina lake silitaji kwa sababu jalada liko polisi na nimeambiwa nisiliharibu. Mtamtambua kwa maneno yake.

Wenzangu wa boti mnajua nilivyohangaika na suala hili, sirudii. Kwa wasionijua: mimi ni mrefu kuliko wanaume wengi ninaofanya nao kazi, na kifua Mungu amenijaalia. Majaketi ya kituo chetu cha kuzamia karibu yote yameshonwa kwa mwili wa mwanamume. Likinienea urefu, mikanda ya mabega inapita juu ya matiti na kuyasukuma katikati, na nikilijaza hewa juu ya maji linanibana mbavu mpaka pumzi naivuta nusu nusu. Nikiomba la kike, kifuani linakaa vizuri lakini limekatwa kwa mwanamke mfupi: mkanda wa tumboni unaishia mbavuni badala ya kiunoni, jaketi zima linapanda, na vali ya mtungi inanigonga kisogo kila nikiinua kichwa kutazama mbele. Hapo nimevaa wetisuti, ile nguo ya mpira ya kuzamia inayobana mwili, na hijabu ya kuogelea, boti imejaa wanaume, na kila baada ya kuruka majini niko kwenye kuvuta mikanda na kujishika kifua mbele ya wageni ninaotakiwa kuwaongoza. Waliopitia hayo wananielewa.

Kwa hiyo nilipoona tangazo limeandikwa "Dada zetu warefu, dada zetu wenye vifua, mmeteseka vya kutosha, BCD yenu ipo," mimi nilimwandikia usiku uleule.

Na wala asije mtu hapa kuniuliza kwa nini nilimwamini. Nisikilizeni kwanza. Muuza vifaa wa kawaida atakuuliza unavaa S, M au L, basi. Huyu alinijibu hivi, na ujumbe ninao: "Dada, usinitajie saizi ya nguo wala urefu wa miguu, BCD haivaliwi miguuni. Nipimie kiwiliwili. Inamisha kichwa, papasa ule mfupa unaotokeza chini ya shingo, kuanzia hapo shuka na uti wa mgongo mpaka usawa wa juu ya mifupa ya nyonga. Halafu nipimie kifua pale penye ujazo, na tena chini yake." Ndivyo inavyopimwa kweli! Mtu wa namna hiyo unamwitaje tapeli? Nilikwenda kwa fundi wangu wa nguo, yule bibi wa nyuma ya skuli, akanipima na futi yake, akaniandikia kwenye kipande cha boksi kwa chaki ya bluu. Nikakipiga picha nikakituma. Vipimo vya mwili wangu, ambavyo hata mama yangu havijui, nimempa mwanamume nisiyemjua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela, na kila nikilikumbuka mwili unanisisimka kwa hasira.

Akaendelea kunisomesha. Akasema mimi nisikubali jaketi linalojaa hewa ubavuni na mbele, kwa sababu ndilo linalokaba kifua. Nitafute linalojaa mgongoni tu, mbele kubaki wazi. Akasema mikanda ya mabega iwe imepinda kuelekea nje, na bizimu zake ziwe zinazunguka, ili ipite pembeni ya matiti kuelekea kwapani isikate katikati. Mkanda mdogo wa kifuani uwe unahamishika juu na chini, uufunge sehemu ya juu kabla ya matiti kuanza, siyo pale penye ujazo. Akanitahadharisha hata ubaya wake, kwamba linalojaa mgongoni ukilijaza sana juu ya maji linakusukuma uso mbele, kwa hiyo nijizoeze kulegeza hewa na kulala nyuma kidogo. Muuzaji anayekwambia ubaya wa bidhaa yake! Kila alichosema nilikuja kumuuliza mwalimu wetu wa kuzamia, na kila kitu kilikuwa sahihi. Anaujua mchezo huyu, amewahi kufanya kazi kwenye kituo cha kuzamia mahali fulani, naapa.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa baada ya Magharibi, mdogo wangu yupo pembeni yangu, akanipigia kwa video. Jaketi amelitundika kwenye kiti cha plastiki, jeusi, mishono ya zambarau. Akachomeka mpira wa hewa, akabonyeza kibonye, likajaa taratibu kwa nyuma huku mbele pametulia kabisa. Akaingiza ngumi katikati ya mikanda ya mabega kunionyesha nafasi: "Unaona dada, hapa hapakugusi." Akafungua mkanda wa tumboni, akauvuta mpaka mwisho. Akageuza lebo ndani ya kola, nikaisoma mwenyewe, ya kike, L. Akasogeza simu kwenye vali ya bega, akanyamaza, akasema, "Sikiliza. Unasikia chochote?" Hatukusikia chochote. Mdogo wangu akanibana mkono, akaninong'oneza, "Dada, hilo hilo." Video ikakatika. Akaandika kwamba mtandao wa kwao mbaya, na kwamba kuna mgeni yuko Msasani anakuja asubuhi kulichukua kwa bei ya juu, lakini yeye angependa limkute mwenye shida nalo.

Nilituma nusu palepale. Kesho yake akanitumia picha ya mzigo umeshonwa kwenye kiroba karibu na boti, nikamalizia.

Mzigo nikaufuata bandarini. Kiroba kimeshonwa kwa kamba ya manila, kimekazwa mpaka mpagazi akanikatia kwa kisu. Harufu ndiyo iliyotangulia kutoka, harufu ya ukungu na maji ya bahari yaliyooza. Ndani, jaketi la bluu lililopauka. Bluu! La kujaa ubavuni, lile lile aliloniambia nisivae kamwe. Kwenye bega kuna namba ya rangi nyeupe imesuguliwa kwa tina lakini 14 bado inasomeka, maana yake ni jaketi la kukodisha la kituo fulani, limechakazwa na wageni, ama limetupwa ama limeibwa. Lebo ya kola imekatwa kwa mkasi. Juu yake imeshonwa herufi L kwa uzi mwekundu, mshono wa mkono, mbovu.

Nililivaa hivyo hivyo, kwa sababu moyo ulikuwa bado unakataa. Mikanda ya mabega imenyooka kama reli, ikanikata katikati ya matiti pande zote mbili. Mkanda wa tumboni ukanikaa kwenye mbavu, na velkro yake haishiki, unaibandika inaachia. Nikapiga simu, inaita, haipokelewi. Nikatuma picha. Alama mbili za bluu, kasoma. Halafu picha yake ya wasifu ikatoweka, na mpaka leo sijaiona tena.

Mwalimu wetu ndiye aliyelipima. Alilijaza likaita "tii", akalizamisha kwenye pipa la kusuuzia vifaa, na mapovu yakaanza kutoka kwenye mshono chini ya kwapa la kushoto, msururu mzima. Alipoligeuza tukaona gundi, ile ya viatu, imepakwa juu ya mfuko wa hewa. Lakini kilichomfanya anyamaze ni inflata, kile kifaa chenye kibonye cha kuingizia hewa. Alibonyeza kibonye mara moja akaachia, na kibonye kikabaki ndani. Hewa ikaendelea kuingia yenyewe, jaketi likavimba mpaka vali ya usalama ikaanza kupuliza, akachomoa mpira. Chumvi ilikuwa imeganda humo ndani mpaka imekuwa ya kijani.

Mnaozamia mnajua hiyo maana yake nini. Kwa wanaoanza: mita 10 chini ya maji shinikizo ni mara mbili ya la juu. Hewa ya lita 5 iliyomo kwenye jaketi ukiwa mita 10 inakuwa lita 10 ukifika juu. Kwa hiyo kibonye kikinasa, kila unavyopanda ndivyo linavyozidi kujaa na ndivyo linavyozidi kukuvuta juu. Sisi tunafundishwa kupanda polepole, mita 9 kwa dakika, tusimame mita 5 kwa dakika 3. Jaketi lile lingenitoa chini mpaka juu bila kusimama popote, na ukibana pumzi kwa hofu mapafu yanaweza kupasuka. Na je, kama ningekuwa nimemshika mgeni mkono? Mtoto wa watu anayejifunza?

Huyu mtu siyo mwizi wa hela tu. Anauza kifo kwa dada zetu huku akiwaita dada. Nataka akamatwe. Nataka asimame mahakamani, jaketi lile liwekwe mezani, hakimu alinuse. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, ulaghai wa mtandaoni ni kosa la jinai, isiwe ya kusomwa kwenye semina tu. Nataka na kituo kilichompa au kilichoibiwa hilo jaketi namba 14 kijitokeze kiseme. Na wenye vituo, jaketi likifa lichaneni kwa kisu mfuko wa hewa kabla hamjalitupa, msiwape watu wa namna hii mtaji!

Mnaniuliza sana kwenye ujumbe namna ya kumgundua. Nawaambia ninayoyakumbuka. Unapotuma hela, jina linalotokea kwenye simu siyo analojiita. Mimi aliniambia ni laini ya mke wake, na watu wengi wanatumia laini za wake zao, ndiyo maana sikushtuka. Binamu yangu yuko Dar, nilitaka akalione kwa macho, muuzaji akasema yeye yuko safarini Tanga, halafu kiroba kikatumwa kutoka bandari ya Dar. Ukurasa wake maoni yamefungwa. Picha za wanawake waliovaa, mandhari hazifanani, maji mengine ya kijani, mengine ya barafu, nadhani amezikwapua. Na kuna kubwa zaidi: baada ya vipimo aliniomba picha nikiwa na nguo ya kuogelea, mbele na ubavu, eti aone mikanda itakavyolala. Nilikataa, akaomba radhi kwa adabu sana. Kama kuna dada alizituma, asione haya, aje. Hiyo aibu ni yake yule hayawani, wewe huna.

Namba yake ya simu nimeshaituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu hapa Tanzania. Aliyetapeliwa naye na atume, ni bure. Na mpige *106# muangalie kama hakuna laini msiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chenu, maana hizo laini anazobadilisha ni za watu.

Kuhusu kununua jaketi, siku hizi nakutana na muuzaji ana kwa ana, nalivaa kwanza. Nalivaa juu ya wetisuti, na mtungi umefungwa mgongoni, nalijaza mpaka mwisho, halafu navuta pumzi ndefu. Nikihisi kifua kinagonga ukuta, silitaki hata likiwa la dhahabu. Nalijaza nalilaza usiku kucha, asubuhi nalikuta hivyo hivyo au namrudishia. Mwalimu ananishauri niachane na majaketi kabisa nichukue bamba la mgongoni na bawa lake, yaani mfuko wa hewa unaokaa mgongoni, kwa sababu mkanda wake ni mmoja mrefu, wa upana wa sentimita 5, unaurefusha na kuuhamisha mpaka ukae kwenye kiwiliwili chako wewe, na kuna mkanda wa katikati ya miguu unaozuia usipande. Nimelijaribu la kwake kwenye maji ya Mnemba. Kwa mara ya kwanza kisogo changu hakikugongwa. Ila nimerudi mwanzo, hela sina, naazima.

Ambaye ana jaketi alilonunua kwake, tafadhali sana, usiingie nalo majini wikendi hii, hata bwawani. Lijaze, lizamishe kwenye pipa, angalia mishono ya kwapani, na ubonyeze kile kibonye mara nyingi uone kama kinarudi. Kisha ulilete, pamoja na ujumbe wake na kumbukumbu ya muamala. Langu liko polisi kama kielelezo. Askari anayeshughulikia jalada ameniambia wakipatikana walalamikaji wengine wataunganishwa humo humo, na mpaka naandika hivi niko peke yangu.