Epoksi ya sakafu ya gereji: nusu imeondoka na matairi

Asubuhi narudisha gari nyuma nimpeleke mtoto shule, nasikia krrrr, kama mtu anabandua solotepu kwenye boksi. Nikajua nimekanyaga mfuko wa rambo (bado ipo, tusidanganyane). Nashuka, nainama, nakuta ni sakafu yangu. Vipande vya kijivu, kimoja ukubwa wa sahani ya wali, vimeng'ang'ania matairi ya mbele, na pale gari lilipolala kuna madoa mawili ya saruji tupu. Rangi haikuwa na miezi miwili. Au mitatu, maana tulipaka watoto wakiwa likizo na sikuandika tarehe popote.

Nazungumzia gereji ya nyumbani, siyo ya mafundi magari. Mume wangu anapaita "bandani". Mimi napaita gereji kwa sababu nimepalipia.

Sitawachosha na kopo lina lita ngapi, hayo yameandikwa kwenye kopo. Ni ile epoksi ya makopo mawili, rangi na hadina yake ya kuigandisha, unachanganya ndiyo unapaka. Nilikuwa nimeshakataa marumaru, kwa sababu jirani aliweka, siku moja akapiga jeki, zikapasuka tatu. Nikakataa na rangi nyekundu ya kawaida ya sakafu, maana oili ikidondoka hapo imehamia. Duka liko Kariakoo, upande wa Gerezani, na jina silitaji. Kijana wa kaunta siku ile alikuwa asali. "Dada, hii ukipaka, wajukuu wako wataikuta." Nikatoa laki nne na ushee bila hata kuomba punguzo, mimi ambaye naomba punguzo la nyanya.

Fundi wangu simlaumu sana. Alisafisha sakafu kwa sabuni ya unga, akaiacha siku mbili ikauke, akapangusa kwa tina. Kuchanganya alijua. Alikuwa anachanganya kidogo kidogo, kwa sababu kwa joto letu hili ukichanganya ndoo nzima halafu ukaenda kunywa chai, unarudi unakuta ndoo inaunguza mkono na rangi imegeuka jiwe na rola ndani yake. Alipaka mikono miwili. Ilipokauka mtoto alilala chali katikati akasema anaona taa chini. Siku hiyo ningeulizwa ningetoa nyota kumi. Niliwapigia watu simu ya video kuonyesha sakafu. Sakafu!

Sasa nirudi kwenye vipande. Nikavitia kwenye bahasha, nikapanda daladala hadi Kariakoo, gari nikaliacha nyumbani kwa hasira, kana kwamba na lenyewe lina kesi. Kijana yuleyule, kaunta ileile. Hakunyanyua macho kwenye simu.

"Mama, rangi inapakwa na fundi, haipakwi na hasira."

Mama! Siku ya kununua nilikuwa dada, siku ya kulalamika nimekuwa mama. Na siyo ule umama wa heshima, ni ule wa "mama, sogea wateja wapite". Walikuwepo watu wanne nyuma yangu na mmoja akacheka. Nilimwaga vipande vyote juu ya kaunta, karibu na kikokotoo chake, nikamwambia sitoki.

Akachukua kimoja. Akakigeuza. Akakwangua kwa ukucha upande wa chini, ukadondoka unga wa kijivu.

"Hiki nini?"

"Saruji."

"Sakafu yako ilipigwa niru?"

Nikasema ndiyo, kwani nani asiyepiga niru?

"Basi rangi yangu imeshika. Iliyoachia ni niru yako."

Nilitafuta neno la kumjibu sikupata, na hilo ndilo linaloniuma kuliko laki nne. Nimekwenda kuthibitisha nyumbani. Pembeni pale palikuwa na jenereta. Nondo zake zilizotoka kwenye zege fundi alizikata akapasaga kwa grenda mpaka mchanga na kokoto zikaonekana, kieneo kama mswala wa kuswalia. Pale nimepiga tindo na nyundo. Rangi haikutoka, tindo ndiyo ilipinda kidogo. Rangi ileile, siku ileile, mkono uleule.

Kwa hiyo mambo yako hivi, na natamani ningeambiwa kabla. Niru ni ngozi nyembamba ya saruji iliyosuguliwa kwa mwiko wa chuma mpaka iteleze kama kioo. Kwa kutembea na kudeki haina shida. Lakini epoksi ikikauka ni imara kuliko hiyo ngozi, na ngozi yenyewe haina vitundu vya rangi kuingiza mizizi. Halafu gari linatoka barabarani matairi ya moto, linaegeshwa, matairi yanailainisha rangi na kuigandamiza, yakipoa yananywea na kuivuta. Kitu dhaifu kuliko vyote ndicho kinachoachia, na kwangu ni niru. Dawa ni kusaga sakafu nzima kwa grenda yenye diski ya almasi, uvae barakoa maana vumbi lake siyo la mchezo, ufyonze vumbi, ndipo ufungue kopo. Kipimo cha haraka: mwagia maji kidogo. Yakitulia juu kama kwenye jani la mgomba, hata epoksi itakaa vivyo hivyo. Yakinywewa, endelea.

Sasa mniambie. Sentensi moja, "dada, sakafu yako ni ya niru?", ingemgharimu nini? Nilimuuliza. Akanijibu, "Hukuuliza." Hapo ndipo nilipoamua kuandika haya. Nitauliza vipi nisichokijua? Muuza dawa hakuulizi kama una mimba?

Nilikuwa nimeshageuka kuondoka, akaniita. "Jamvi lenu, lile zege la sakafu, lina nailoni chini?" Nikampigia mume. Banda tuliliongeza baadaye, jamvi likamwagwa moja kwa moja juu ya mchanga, na sisi tunakaa Boko, ambako masika maji hayako mbali. Nailoni hakuna. Kijana akaweka simu chini, mara ya kwanza, akanieleza taratibu kabisa: chukua nailoni nyeupe ya kuonyesha, nusu mita kwa nusu mita, ibandike kwenye zege tupu, ziba kingo zote nne kwa solotepu, iache siku nzima na usiku wake. Ikiwa na matone kwa ndani au zege limekuwa jeusi, usipake kitu, unyevu utaisukuma rangi kutoka chini hata ukisaga mpaka ukutane na udongo. Akanipa na kipande cha nailoni bure. Bado akaniita mama, ila safari hii kwa sauti nyingine.

Sasa nyota nitoe ngapi? Rangi, ukweli wa Mungu, nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ikilowa inateleza, nyunyizieni mchanga mkavu kabla mkono wa pili haujakauka. Duka moja. Hapana, mbili, kwa ajili ya nailoni. Hapana, moja, nimekumbuka yule aliyecheka na kijana akamwachia.

Bibi yangu Tanga alikuwa na sakafu nyekundu ya saruji, anaipaka nta na kuisugua kwa kumbi la nazi kila Ijumaa, na sijawahi kuiona ikibanduka, maana haikuwa na cha kubanduka. Lakini bibi hakuwa na gari.

Nailoni nimeibandika juzi. Leo asubuhi nimechungulia: matone, yamejipanga kama jasho kwenye mdomo wa juu. Gari liko nje chini ya mwembe, kunguru wanalipaka rangi yao, na hiyo imeshika kabisa bila hadina.