Hekalu la Kuning'inia, Shanxi: usishuke kabla hujaona chumba cha juu

Kama uko China kusoma au biashara na una wikendi, nenda hili hekalu, Wachina wanaliita Xuankong Si. Toka Beijing treni ya kasi mpaka Datong masaa mawili na kitu, afu gari kama kilomita 60 hivi mpaka Hunyuan, wilaya lilipo hekalu. Lilianza kujengwa mwaka 491, limebandikwa kwenye jabali, mbao zimechomekwa ndani ya mwamba. Tiketi ya kupanda unakata peke yake mbali na ya getini, na watu wa kupanda wana idadi yao kwahiyo wahi, na kama unaogopa vimo ujue kizuizi cha pembeni ni kifupi mno, mtu mrefu kinamwishia mapajani.

Sasa wengi wanapiga selfi wanashuka. Uhondo wenyewe uko juu kabisa, kijichumba ambamo Buddha kakaa kati na pembeni yake wapo Laozi, mzee wa dini ya Utao, na Confucius, mwalimu wa maadili wa Wachina. Mwongozaji tuliyempata akasema tu "dini tatu zinapatana" akaendelea mbele, wakati stori haiko rahisi hivyo! Zhu Xi (1130–1200), mfuasi mkubwa wa Confucius, alikuwa anawaponda Wabuddha kwelikweli eti wanatelekeza wazazi na jamii, ila huyohuyo anawaambia wanafunzi wake wakae kimya watulize akili, sasa hiyo si ndo kazi ya watawa kila siku jamani? Na humo kwenye kuazimana mawazo ndo ikapata nguvu ile imani kwamba hekima kamili sio ya wafalme wa kale akina Yao na Shun peke yao, hata wewe muuza duka unaweza kuifikia. Wang Yangming (1472–1529), mfuasi mwingine wa Confucius, ujanani alikodolea macho mianzi siku saba akitafuta kanuni ya ulimwengu humo ndani, akaishia kuumwa 😂. Mwaka 1508, akiwa kahamishiwa porini huko Guizhou kama adhabu, usiku mmoja akashtuka kwamba anachokitafuta nje kiko moyoni mwake. Ukimsikia utadhani mtawa, ila yeye hakubaki mlimani, alirudi serikalini akaongoza mpaka majeshi. Mi hapo ndo Confucius ananikosha kuliko wale wawili, maana hekima yake inabidi ionekane nyumbani na kazini.

Nyota 4, moja nimeikata kwa ajili ya yule mwongozaji. Nendeni wenyewe, msome kidogo kabla, na vaeni viatu visivyoteleza.