TAHADHARI: Huyu "mtaalamu" wa kufuta tatuu kwa leza ameniunguza mkono, msimpelekee ngozi zenu

Jamani, naandika kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili umefungwa bandeji kuanzia kiwiko hadi kifundo. Someni, halafu wapelekeeni wenzenu.

Tatuu yenyewe mnaijua, na jina lililoandikwa pale mnalijua, kwa hiyo sirudii hadithi hiyo. Nilitaka litoke kabla ya shughuli. Basi.

Alinilaza kwenye kiti, akanishika kiganja, akautazama ule mchoro kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akasema kwa sauti ya upole kabisa: "Dada, huu ni wino mweusi mtupu, ndio rahisi kuliko yote. Ukitoka hapa unabaki na wekundu tu, na wekundu wenyewe kesho haupo." Nikamuuliza mbona wengine husema wamerudi mara nyingi. Akanijibu kwamba hao walitumia mashine za kizamani, yake ni ya pikosekunde, yaani inapiga kwa muda mfupi mno, inausaga wino unakuwa vumbi na mwili unajisafisha wenyewe.

Akanipaka jeli ya baridi. Akashusha kichwa cha mashine, kipana, chenye kioo cha mstatili, kikalala juu ya ngozi. Miwani alivaa yeye. Mimi nikaambiwa, "Fumba macho tu, dada." Mwanga ule niliuona hata nikiwa nimefumba, halafu ikaja harufu ya nywele zinazoungua, zilikuwa za mkono wangu. Nikapiga kelele. Akaniambia nivumilie, wino mkaidi ndio unatoka, na akaongeza moto! Nilimwona kwa macho yangu akibonyeza kile kitufe cha kupandisha. Kabla sijainuka kitini malengelenge yalikuwa yameshaanza kujaa maji, naye akiyaonyesha kwa kidole: "Umeona? Hiyo ni dalili kwamba imekubali."

Na msije kuniuliza ilikuwaje nikamwamini. Yeyote angemwamini. Amevaa koti jeupe, ukutani ana vyeti kwenye fremu, risiti anatoa. Alinihoji kama nina kisukari, kama napata makovu ya kuvimba, kama nina ujauzito, dawa ninazotumia, yote akayaandika kwenye faili. Tapeli gani anakuuliza kama una ujauzito? Na aliyenielekeza kwake ni mtu tunayemheshimu wote humu, naye alidanganywa na picha zile zile.

Hizo picha sasa! Kesho yake, mimi silali kwa maumivu, nafungua ukurasa wake nakuta mkono wangu. Kidoti changu cha kuzaliwa kipo pale pale, ngozi laini, tatuu haipo. Amefuta wino kwenye picha! Mkononi jina lipo, linasomeka vizuri kabisa chini ya kidonda, na yeye anapokea pongezi na watu wanauliza nafasi. Nilipompigia akasema ngozi yangu ndiyo mbaya. Nilipompigia tena nikawa nimeshazuiwa.

Daktari wa ngozi aliponiona aliniomba nimweleze ile mashine, na nilipofika kwenye kile kioo kipana na jeli akatikisa kichwa. Ile haikuwa leza hata kidogo. Ni mashine ya mwanga mkali ya kuondolea nywele, ile wanayoiita IPL. Leza ya tatuu hupiga kwa nanosekunde au pikosekunde, muda mfupi mno, wino unapasuka kabla joto halijasambaa. Ile ya nywele hupiga kwa milisekunde, joto linapata nafasi ya kuenea na kuichoma ngozi ya jirani. Kwa ngozi nyeusi ni hatari zaidi, maana rangi yetu ya asili nayo inaunyonya ule mwanga. Ndiyo maana kwa wino mweusi kwenye ngozi kama yangu wanaojua kazi hutumia leza ya nanomita 1064 (ndio urefu wa wimbi la mwanga wake, ambao rangi ya ngozi haiunyonyi sana), wanajaribu sehemu ndogo kwanza, wanasubiri waone ngozi inajibu vipi, kisha wanaendelea awamu kwa awamu, mara nyingi wakiachanisha wiki 6 hadi 8. Hiyo habari ya mwili kujisafisha ni kweli, lakini hauimalizi kazi hiyo kwa siku moja. Mimi naambiwa huenda nikabaki na baka jeupe au kovu la kuvimba.

Dada mwingine amenitumia ujumbe usiku, yeye alikwenda kwake huyo huyo kufutwa rangi ya nyusi, ile ya kuchorwa kama tatuu. Nyusi, jamani! Karibu na jicho, naye akaambiwa afumbe macho tu. Hata kwa leza halisi, rangi nyeupe na zile zinazofanana na ngozi zinaweza kugeuka nyeusi zikipigwa, na jicho likipata ule mwanga mtu anaweza kupofuka.

Kwa hiyo mkisikia "siku moja", ondokeni. Hakuna kujaribiwa sehemu ndogo, hakuna miwani ya mteja, anataka pesa yote mbele, hataki kutaja aina ya mashine, ondokeni. Na ile krimu yake ya kumalizia kazi msiipake. Wino umekaa chini, tabaka la pili la ngozi, hizo krimu za asidi zinababua juu tu.

Namtaka mahakamani. Mashine ichukuliwe, vyeti vikaguliwe kimoja kimoja, arudishe pesa za kila aliyemuunguza na alipe matibabu. Kufunga ukurasa na kufungua mwingine kwa jina jipya hakutamsaidia, nimehifadhi kila kitu: risiti, ile picha ya uongo, cheti cha daktari. Kama alikuchoma, nitumie picha ya kidonda na risiti yako hata kama unaona aibu, jina lako sitalitaja humu. Jumatatu asubuhi naenda polisi, na nataka twende wengi.