Ramani ya zamani ya miteremko ya Kilimanjaro (1:50,000): iamini mabonde, usiiamini barabara

Kwa umbo la ardhi kati ya Machame na Marangu, ramani za mfululizo wa Y742 bado hazina mpinzani. Matoleo ya miaka ya 1960 yalichorwa na DOS, kurugenzi ya Uingereza ya upimaji wa ng'ambo, kutoka picha za angani. Kila karatasi ni dakika 15 za latitudo kwa 15 za longitudo, takriban kilomita 27.7 kila upande. Sentimita 2 ni kilomita 1.

Uzuri wake ni kontua, mistari inayounganisha sehemu zenye urefu sawa. Mlolongo wa migongo na makorongo ya Weruweru na Kikafu unasomeka wazi, hata unajua mapema kwamba kihamba (shamba la migomba la ukoo) kilicho mita 800 mbele yako kimetengwa nawe na bonde la kushuka na kupanda. Soma pembezoni kwanza: kama urefu uko kwa futi, mstari wa 5,000 ni mita 1,524.

Nunua nakala ya rangi. Kwenye fotokopi nyeusi, mto wa buluu na kontua ya kahawia vinakuwa kitu kimoja, na hapo karatasi haina maana.

Udhaifu uko chini ya migomba. Kamera ya ndege haioni kilichofunikwa na majani, kwa hiyo mifereji na vijia vingi vya vihambani havimo. Umri nao unajitaja wenyewe: karatasi ya eneo la uwanja wa ndege wa KIA isiyouonyesha imepigwa picha kabla ya 1971, basi barabara zake zichukulie kama historia.

Kinachowapoteza wengi ni gridi. Ramani inatumia Arc 1960, simu inatumia WGS 84: misingi miwili tofauti ya kupimia mahali. Ukiingiza nambari za ramani kwenye simu bila kuzibadili, unapelekwa takriban mita 300 kaskazini, yaani mlimani zaidi, pengine ng'ambo ya korongo. Kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, chagua EPSG:21037 (msimbo wa gridi ya Arc 1960 ya eneo hili), kisha funga picha ya ramani uliyoskani kwa makutano ya gridi, si kwa pembe nne tu, maana karatasi hunywea na kutanuka kwa unyevu. Skani kwa mashine bapa; picha ya simu hupinda kingo.

Na wanaoibeba kwenda baraza la ardhi: mstari wa milimita 0.2 unafunika mita 10 shambani. Mpaka wa kihamba hauwezi kuonekana humo.