Injini Ipi Ununue kwa Carina au Corolla ya 1.5: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Tanga Mwenye Bajeti Ndogo

Mkazi wa Tanga mwenye Carina au Corolla ya injini ndogo huridhika na gari lake maadamu mizunguko yake haitoki nje ya Ngamiani, Chumbageni na Raskazone, kwa kuwa mji wetu umekaa tambarare kando ya bahari. Udhaifu hujitokeza siku anapopakia magunia ya machungwa Muheza, au anapoupanda mlima wa Lushoto kutoka Mombo akiwa na abiria wanne, ambapo hulazimika kurudi gia ya pili na kuiacha injini ipige kelele hadi juu. Mwongozo huu unamhusu mtu huyo, hasa mwenye gari lenye injini ya 5A-FE yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,498, ambaye hana uwezo wa kununua gari jingine lakini anataka lake livute.

Kabla ya kutoa hata shilingi, mwambie fundi apime kompresheni ya injini uliyonayo, yaani shinikizo linalojengeka ndani ya kila silinda. Nimeona watu wakitafuta injini kubwa wakati tatizo lao lilikuwa ringi zilizokwisha, na injini ileile ndogo ingeweza kuwatosha kama ingekuwa nzima. Ikiwa injini ni nzima na bado haikutoshi, ndipo usome uchaguzi ufuatao, ambao nimeupanga kwa utaratibu ambao ningemshauri ndugu yangu wa damu.

Chaguo la kwanza, na kwa maoni yangu lililo mbali mbele ya mengine, ni 7A-FE kamili ya mtumba. Injini hii ni ya ukoo mmoja na 5A na 4A, lakini ujazo wake ni 1,762. Upana wa silinda zake ni milimita 81 na mwendo wa pistoni ni milimita 85.5, wakati mwendo wa pistoni za 5A ni milimita 77 tu. Urefu huo wa mwendo ndio unaoipa nguvu ya kuvuta injini ikiwa bado inazunguka polepole, na nguvu ya namna hiyo ndiyo inayohitajika mlimani na kwenye mzigo, kuliko kasi ya juu ambayo barabara zetu haziitaki. Toyota wenyewe waliifunga katika Carina zenye namba ya umbo AT211 na Caldina za AT191, kwa hiyo hatubuni jambo jipya, bali tunalipa gari injini ambayo ndugu zake walitoka nayo kiwandani. Gia boksi ya 5A inakubali kufungwa nayo, na spea zake hazimsumbui fundi anayeijua 4A.

Hata hivyo, bloku la 7A ni refu kwenda juu kuliko la 5A, na hapo ndipo wasiojua hupoteza fedha. Mkanda wa taimingi wa 5A hauingii, bomba la ekzosi huhitaji kurekebishwa, na nafasi chini ya boneti lazima ipimwe kabla injini ya zamani haijashushwa. Nunua injini ikiwa na flaiwili yake, alternata yake, mfumo wake wa nyaya usiokatwa na kontroli boksi yake, yaani kompyuta inayoiongoza injini. Injini tupu huonekana rahisi dukani, kisha mnunuzi hutembea wiki nzima akitafuta kifaa kimoja kimoja, na mwishowe hulipa zaidi ya yule aliyenunua iliyokamilika. Uliza pia kama ni ile ya Japani inayochoma mafuta kwa mchanganyiko mwembamba ili kubana matumizi, kwa sababu vihisio na nyaya zake ni tofauti, na fundi asiyeifahamu atakusumbua kwa miezi.

Chaguo la pili ni 4A-FE, yenye ujazo wa 1,587. Inaingia bila matata kwa sababu bloku lake halijazidi urefu, lakini unachoongeza ni sentimita za ujazo 89 peke yake. Ninaipendekeza kwa mtu ambaye injini yake ya 5A imekufa kabisa na ameipata 4A nzima kwa bei nzuri, si kwa mtu anayetafuta nguvu.

La tatu ni kuijenga upya injini uliyonayo kwa kupanua silinda na kufunga pistoni kubwa zaidi. Mafundi wengi hulisifu jambo hili, na mimi naliheshimu kama matibabu, ila hesabu yake iangaliwe. Silinda za 5A zina upana wa milimita 78.7, na ukizipanua kwa nusu milimita, ujazo hufika takriban 1,517, yaani nyongeza ya sentimita za ujazo 19 tu. Utakuwa umelipia kuchonga bloku, pistoni, ringi, beringi na gasketi, nawe utapata injini mpya yenye nguvu ileile. Kwa anayetaka gari lidumu ni fedha iliyotumika vyema, lakini mlimani hutaona tofauti kubwa.

La mwisho ni 3S-FE ya ujazo wa 1,998. Inavuta sana, na Corona za umbo la T190 ziliwahi kutoka nayo, kwa hiyo mwenye Carina ya umbo hilo anaweza kupata mauntingi na shafti za kufanana. Lakini ni nzito zaidi, si ya ukoo wa A, inataka gia boksi yake, na breki za mbele lazima zitazamwe upya. Kwa bajeti ndogo naiweka mwisho bila kusita. Ukiona maandishi ya 3S-FSE, hiyo ni D-4 ya kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa, na sishauri kabisa kuinunua.

Ukaguzi wa injini ya mtumba unastahili muda kuliko kitu kingine chochote. Niliwahi kununua moja iliyopakwa rangi ya fedha ikang'aa kama sahani mpya, na haikumaliza mwezi ikanoki. Tangu siku hiyo huikwepa iliyopakwa rangi, na huitafuta yenye vumbi na mafuta yake ya zamani, kwa sababu uchafu huonesha mahali inapovuja. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta uji wa rangi ya maziwa, maji yameingia. Toa plagi zote na umulike ndani kwa tochi, maana injini iliyolala nje katika hewa yetu ya chumvi hushika kutu kwenye kuta za silinda. Izungushe kwa spana, kisha dai ipimwe kompresheni kwa stata na betri pale pale, na silinda zisitofautiane kwa zaidi ya kilo moja kwa sentimita ya mraba. Muuzaji akikataa kipimo, ondoka.

Kuhusu fedha, usitumie zote kununulia injini. Mimi hutenga angalau theluthi kwa ajili ya mkanda wa taimingi, pampu ya maji, oili sili, klachi, mauntingi na rejeta, vitu ambavyo hubadilishwa kirahisi injini ikiwa chini na kwa taabu ikiwa juu. Rejeta usiipuuze. Ile ya 5A iliyoziba nusu itaifanya 7A ichemshe kabla hujafika Soni.

Kadi ya gari inayotolewa na TRA hutaja namba ya injini na ujazo wake. Chukua risiti na hati za uingizaji kutoka kwa muuzaji siku ileile ya kununua, kisha upeleke mabadiliko yaandikwe, na uiarifu kampuni yako ya bima, kwa sababu namba isiyolingana huleta shida siku ya ajali na siku ya kuuza gari.

Baada ya kufungwa, endesha kilomita 500 za kwanza kwa upole kati ya Tanga na Segera, umwage oili na uichunguze kama ina vumbi la chuma. Ikiwa safi, pakia machungwa yako na uupande mlima.